Bunduki mpya ya wenzo inapotawanya risasi: namna ya kutafuta chanzo

Kila Oktoba simu yangu huanza kuita. Msimu wa kuwinda kulungu kwa bunduki hapa Pennsylvania hufunguliwa Jumamosi inayofuata sikukuu ya Thanksgiving, kwa hiyo mwezi mmoja kabla ya hapo watu wameshanunua bunduki, wameshaenda renji, yaani uwanja wa kulengea shabaha, mara ya kwanza, na wamerudi na karatasi iliyotobolewa huku na huku kama unga uliodonolewa na kuku. "Kaka, nimeuziwa kitu kibovu."

Huwa nauliza maswali matatu. Umepiga risasi za aina gani? Uliegemeza bunduki wapi? Skrubu ulizikaza lini? Mara nyingi tukifika swali la tatu, jibu limepatikana.

Nazungumzia bunduki ya wenzo, ile ya makauboi: unausukuma mkono wa chuma ulio chini ya triga, ganda linaruka nje, unaurudisha, risasi nyingine inaingia chemba. John Browning alichora Winchester ya 1894, na Marlin 336 ilitoka 1948. Zote mbili bado zinatengenezwa na bado zinanunuliwa. Huku zinapendwa kwa sababu ni fupi, nyepesi, zinapita vichakani bila kunasa, na sheria ya Pennsylvania hairuhusu kuwinda kulungu kwa bunduki inayojipakia yenyewe. Sisi tuliokulia Kenya, ambako uwindaji wa burudani ulipigwa marufuku 1977, hatukuwa na mjomba wa kutufundisha haya. Tumeyaokota ukubwani, na ndiyo maana nimeamua kuyaandika mara moja niache kuyarudia kwenye simu.

Jambo moja kabla ya mengine kwa walio Marekani: mwenye viza ya muda, kama ya masomo au ya kazi, kwa kawaida haruhusiwi na sheria ya nchi kumiliki hata kushika bunduki, ila awe na msamaha unaotajwa na sheria, na mmojawapo ni leseni halali ya uwindaji. Mwenye green card hafungwi na kizuizi hicho. Maliza suala hilo kwanza.

Je, kweli inatawanya?

Kuna bunduki inayotawanya na kuna bunduki iliyolengeshwa vibaya. Ukipiga risasi tano zikakusanyika ndani ya inchi 2, lakini inchi 6 kushoto kwa katikati, bunduki yako ni nzima kabisa. Rekebisha vilengeo, nenda nyumbani. Tatizo letu hapa ni matundu yasiyokubali kukaa pamoja.

Wapigaji hupima mtawanyiko kwa MOA, yaani dakika moja ya pembe, ambayo kwa yadi 100 ni inchi moja na kidogo. Yadi 100 ni mita 91. Bunduki nzuri ya komeo (ile ambayo kitasa chake huvutwa nyuma na kusukumwa mbele kwa mkono) yenye darubini hutarajiwa kuweka risasi ndani ya inchi moja au pungufu. Usiidai ya wenzo kitu hicho. Kwa risasi ya .30-30, aina iliyozoeleka sana kwa bunduki hizi, na vilengeo vya chuma, inchi 3 kwa yadi 100 ni kazi nzuri. Kwa darubini, inchi 2 ni kazi nzuri sana. Zipo zinazofanya vizuri zaidi, na wenye nazo hawaachi kutuambia. Sehemu ya kulungu unayopaswa kuipiga, moyo na mapafu, ina upana wa kama inchi 8, kwa hiyo bunduki ya inchi 3 inatosha kwa masafa ya msituni. Ikitawanya inchi 5 au 6 ukipigia mezani, hapo tuna kazi.

Halafu usihukumu kwa risasi tatu. Tatu zinaweza kukaa pamoja kwa bahati na zikatengana kwa bahati. Piga tano, acha mtutu upoe, piga tano nyingine kwenye karatasi mpya, kisha tano tena. Kila tundu liandikie namba yake kwa mpangilio ulivyopiga. Namba hizo ndizo zitakazozungumza baadaye. Karatasi isiyo na namba ni karatasi bubu.

Usalama, kwa ufupi

Bunduki ya wenzo ina hila zake mbili. Bomba la magazini linaficha risasi: zungusha wenzo mpaka kisitoke kitu, kisha tazama chemba kwa macho na uguse kwa kidole, na uhakikishe kisukumio cha bomba kinaonekana kwenye mlango wa kupakia. Hila ya pili ni nyundo. Kuishusha polepole kwa kidole gumba huku kuna risasi chemba ni kazi ya hatari, hasa vidole vikiwa na baridi au jasho. Mtutu uelekee kwenye tuta la udongo, kila mara. Miwani na vizibo vya masikio si vya wageni tu.

Hatua ya kwanza: safisha, kaza

Bunduki mpya hutoka kiwandani na mafuta ya kuzuia kutu ndani ya mtutu, wakati mwingine na chembe za chuma. Pitisha vitambaa vyenye dawa ya kusafishia mpaka kitoke cheupe, kisha kikavu. Mtutu wenye mafuta hurusha risasi ya kwanza popote unapopenda.

Hapa pana mtego. Mtutu wa bunduki nyingi za wenzo haufikiki kutoka nyuma, kwa hiyo watu huingiza ufito kutoka mdomoni na kuusugua ukingo wa mdomo huo. Ukingo ule ndio mahali pa mwisho risasi inapoguswa na chuma. Ukilika upande mmoja, gesi hutoka upande huo kwanza na kuisukuma risasi pembeni. Marlin 336 ni rahisi: fungua skrubu moja ya wenzo, toa wenzo, vuta komeo nyuma, toa kile kichuma kidogo cha kurushia maganda kabla hakijaanguka na kupotea chini ya kochi, na sasa unasafisha kutoka chemba. Winchester ya 1894 haifunguki kirahisi hivyo. Tumia kamba ya kuvuta yenye brashi, iingizwe kutoka chemba na ivutwe kutokea mdomoni.

Sasa skrubu. Zote. Za kitako, za ubao wa mbele, za vilengeo, na zaidi ya zote za darubini. Usikaze juu kwa juu: vua darubini, vua pete, ufikie reli iliyofungwa kwenye mwili wa bunduki, kwa sababu ndiyo inayolegea na ndiyo isiyoonekana. Ya kwangu ilifungwa darubini dukani na kijana aliyekuwa na haraka ya kufunga duka. Nilipiga risasi arobaini nikiilaumu bunduki, nikiyalaumu macho yangu, nikilaumu hata upepo ambao haukuwepo. Nilipovua pete nikakuta skrubu mbili za reli zinazunguka kwa ukucha.

Futa mafuta kwenye matundu ya skrubu, weka tone dogo la gundi ya skrubu isiyo kali, na kaza kwa bisibisi ya kupimia mkazo kufuata namba iliyoandikwa na mtengenezaji wa reli. Angalia pia urefu wa skrubu. Iliyo ndefu kupita kiasi huonekana imekaza kumbe imegota chini, au inachungulia ndani na kukwaruza komeo. Zungusha wenzo polepole. Ukihisi mkwaruzo mpya, umeipata.

Rudi renji. Simu nyingi za Oktoba huishia hapa.

Hatua ya pili: wewe

Hakuna anayependa hatua hii, mimi nikiwemo.

Keti kwenye meza imara. Mfuko wa mchanga uwe chini ya ubao wa mbele, karibu na mwili wa bunduki, na mwingine mdogo chini ya kitako. Mtutu wenyewe usiguse kitu chochote, wala bomba la magazini. Ukiegemeza mtutu, bunduki inaruka kutoka pale ilipoegemea na kundi lako la matundu linapanda juu au kuchanguka. Ukihamisha mfuko inchi 3 mbele kati ya risasi na risasi, umebadilisha bunduki bila kujua. Weka alama ya chaki kwenye ubao: mfuko ukae hapo siku zote.

Mkono wa kulia una kazi mbili kwenye bunduki hii. Bunduki kadhaa za wenzo, kwa usalama, hazifyatuki mpaka wenzo ubanwe kwenye kitako, kwa hiyo mtu anabana na kuvuta triga kwa wakati mmoja. Ukibana kwa nguvu leo na kwa ulegevu kesho, matundu yatasambaa kulia na kushoto. Bana kwanza, kwa nguvu ya kawaida ya kusalimiana na mtu, kisha kidole kimoja tu kifanye kazi ya triga.

Kidole hicho kina mzigo. Triga ya bunduki mpya ya wenzo huweza kuhitaji ratili 6 au 7 kuivuta, na pengine bunduki yenyewe ina uzito wa ratili 7. Unavuta kwa nguvu inayolingana na uzito wa kitu unachojaribu kukituliza! Pima kwa mizani ya kuning'iniza ya samaki, bunduki ikiwa tupu. Ukiona nzito na yenye mchanga, usichukue tupa. Mpelekee fundi bunduki. Triga iliyonyolewa na asiyejua hufyatuka bunduki inapodondoka.

Kipimo cha woga ni hiki, na huwa nakifanya kwa kila anayenipigia. Mwombe mwenzako akupakie chemba yeye, wakati mwingine risasi ya kweli, wakati mwingine risasi bandia ya mazoezi, bila kukuonyesha. Lenga, vuta. Ikiwa bandia na mdomo wa bunduki ukachovya chini kama jogoo anakunywa maji, chanzo umekiona. Bunduki nyepesi yenye kitako cha bamba jembamba hupiga bega sawasawa. Mimi nilichovya. Nilibisha, tukarudia, nikachovya tena. Dawa ni kuweka mpira wa kitakoni, kupunguza idadi ya risasi kwa siku, na kuvuta triga mara nyingi kwa risasi bandia nyumbani.

Mwisho, mpe bunduki mtu anayepiga vizuri kuliko wewe. Akipata inchi 2 mahali ulipopata 6, msomaji, funga mwongozo huu uende mazoezini.

Hatua ya tatu: risasi

Kila mtutu una ladha yake, na hakuna anayeijua mpaka aonje. Nunua pakiti moja moja ya aina tatu. Kwa .30-30, uzito wa kawaida wa risasi ni greni 150 na greni 170 (greni ni kipimo kidogo cha uzito). Ya 150 hutoka kwa kasi ya kama futi 2,390 kwa sekunde, ya 170 kwa kama futi 2,200. Tofauti hiyo hubadilisha jinsi mtutu unavyotetemeka, na muda ambao risasi inautoka. Nimeona bunduki moja ikirusha 150 za kampuni moja ndani ya inchi 5 na 170 za kampuni ileile ndani ya inchi 2. Hakuna kilichobadilika ila boksi.

Ukihama aina, piga mbili tatu za kuuzoesha mtutu kwanza ndipo uhesabu. Ukipata inayopendwa, tazama namba ya toleo ubavuni mwa boksi na ununue za kutosha msimu, zenye namba hiyohiyo.

Onyo ambalo si la shabaha tu: kwenye bomba la magazini risasi zimepangwa mkia kwa pua, pua ya moja ikielekea fataki (kile kidude cha mkiani kinachowasha baruti) ya iliyo mbele yake. Ndiyo maana risasi za .30-30 zina pua bapa au ya mviringo. Usitie zenye ncha kali ya chuma. Mshtuko mmoja ungeweza kulipua bomba mkononi mwako. Hornady walitatua hilo kwa ncha laini ya mpira kwenye risasi zao za LEVERevolution, ambazo huruka kwa kasi zaidi na hazishuki sana kama za bapa. Bunduki za wenzo zisizo na bomba, kama Browning BLR yenye magazini ya sanduku, hazina kizuizi hicho.

Hatua ya nne: vilengeo

Fanya hesabu hii ndogo. Umbali kati ya kilengeo cha nyuma na cha mbele tuseme ni inchi 20. Jicho lako likikosea kwa inchi 0.01 tu, unene wa karatasi mbili tatu, risasi itakosea inchi 1.8 kwa yadi 100. Halafu nundu ya mbele, yaani kile kidonge cha kilengeo cha mbele: yenye upana wa 1/16 ya inchi, ikiwa inchi 30 kutoka jichoni, inafunika inchi 7.5 za shabaha huko mbali. Unalenga nukta ambayo huioni, kisha unashangaa.

Kwa hiyo badilisha karatasi. Tumia duara jeusi la inchi 8 hivi, au mraba, na uketishe nundu chini yake kama chungwa juu ya meza. Jaribu yadi 50 kwanza. Jua likipiga ubavu mmoja wa nundu ya shaba, jicho hudhani ubavu unaong'aa ndio katikati, na risasi inaenda upande usio na mwanga. Rudisha kile kikofia cha chuma juu ya nundu. Hakikuwekwa kwa urembo. Au pitisha moshi wa mshumaa juu yake uwe mweusi.

Waliofika umri wa kusogeza simu mbali ili wasome, kilengeo cha tundu kilichofungwa nyuma kabisa kitawafaa kuliko kile chenye umbo la pembe za ng'ombe kilicho katikati ya mtutu. Jicho lenyewe hutafuta katikati ya tundu, na umbali kati ya vilengeo unaongezeka. Mimi nilipofunga cha tundu, kundi langu lilipungua kwa theluthi moja bila kugusa kitu kingine.

Kurekebisha: kilengeo cha nyuma kinaenda kule unakotaka risasi iende, cha mbele kinaenda kinyume. Kiasi ni kosa, mara umbali kati ya vilengeo, gawanya kwa umbali wa shabaha, vyote kwa inchi. Inchi 4 chini kwa yadi 100, na vilengeo vimetengana inchi 20: nne mara ishirini gawanya kwa 3,600, ni inchi 0.022 kwenda juu.

Darubini ina mtihani wake. Nyingi husogea robo inchi kwa kila mlio wa kitufe cha kurekebishia, kwa yadi 100. Piga risasi, panda milio 16, piga; kulia 16, piga; shuka 16, piga; rudi kushoto 16, piga. Umechora mraba wa inchi 4, na tundu la mwisho liwe jirani wa la kwanza. Kama mraba wako umekuwa kiatu, darubini ni mbovu ndani na hakuna skrubu itakayoiponya. Ukiona matundu yamejigawa makundi mawili yanayojirudia, tatu hapa mbili kule, shuku kitu kinachocheza kati ya mikao miwili: reli, pete, au nyuzi za ndani ya darubini.

Hatua ya tano: vinavyougusa mtutu

Kama umefika hapa, na risasi, skrubu, vilengeo na bega lako vimeondolewa lawama, sasa tunaigusa bunduki yenyewe. Hapa ndipo ya wenzo inapotofautiana na nyingine zote, na ndipo napenda kukaa.

Bunduki ya komeo ya kisasa mara nyingi ina mtutu unaoelea hewani: mbao haigusi. Kwenye ya wenzo, mtutu mwembamba umening'inizwa kila kitu. Chini yake kuna bomba la magazini. Bomba na mtutu vimefungwa pamoja kwa bangili ya chuma mbele, na ubao wa mbele umeshikwa kwa bangili ya pili au kwa kofia yenye skrubu zinazoshika kipande kilichochomekwa chini ya mtutu. Ubao umebanwa kati ya bangili hiyo na mwili wa bunduki. Risasi inapopita mtutu hutetemeka kama uzi wa zeze, na vyote hivyo ni vidole juu ya uzi. Vidole si tatizo vikikaa palepale. Tatizo ni vikihama.

Na joto huvihamisha. Chuma cha inchi 20 kikipanda nyuzi 60 za selsiasi hurefuka karibu inchi 0.014. Mtutu unarefuka, bomba lililo chini bado ni baridi, bangili imeviunga kwa nguvu: mtutu hauna njia ila kupinda kidogo. Ndiyo maana namba kwenye karatasi zinahitajika. Kama moja na mbili zimekaa pamoja, tatu imepanda, nne imepanda zaidi, tano iko juu kabisa, hiyo si mikono yako. Mikono haikosei kwa mpangilio.

Jaribio la kwanza ni la subira: risasi moja kila dakika tano, mtutu baridi daima. Kundi likijikusanya, chanzo ni joto na mbano. Wengine huishia hapo na kuacha ilivyo, wakisema hakuna kulungu anayesubiri risasi ya tano. Wana haki.

Jaribio la pili ni la bomba. Risasi sita za .30-30 zina uzito wa zaidi ya gramu 100, na kila ukipiga uzito huo unapungua na mvuto wa spiringi unabadilika. Piga tano ukipakia moja moja chemba, bomba likiwa tupu. Kisha tano kwa bomba lililojaa. Ukiona tofauti kubwa, bomba linauvuta mtutu.

Marekebisho sasa. Bunduki tupu, bisibisi zinazoingia kikamilifu kwenye vichwa vya skrubu, na soma kwanza masharti ya dhamana, kwa sababu ukishachonga ubao kiwanda kinaweza kukukatalia. Fungua bangili ya mbele. Skrubu yake mara nyingi hupita kwenye kijifereji kilichochongwa chini ya mtutu, kwa hiyo isipotoka usiigonge. Tikisa bomba kidogo itoke yenyewe. Bomba litoke na kuingia kwa mkono. Likiruka upande skrubu inapotoka, lilikuwa limekazwa kwa kulazimishwa, na hicho ni chanzo kimoja. Bangili iliyopinda huweza kunyooshwa. Usipojiamini, mpe fundi.

Toa ubao wa mbele. Tazama ndani ya mfereji wake: alama zinazong'aa au zilizobonyea ni mahali unapobana mtutu. Paka chaki chini ya mtutu, rudisha ubao, kaza, toa tena, chaki itakuonyesha. Viringisha msasa laini kwenye kijiti cha mviringo na upunguze vilima hivyo tu, kidogo kidogo. Kisha miisho miwili ya ubao. Ukirudishwa, uwe na nafasi ya unene wa kadi nyembamba kati yake na mwili wa bunduki, usisukume mbele na nyuma kama kabari. Mbao iliyokatwa wakati wa ukavu huvimba kwenye unyevu wa Novemba, na nafasi hiyo ndiyo pumzi yake. Paka mafuta ya mbao mahali ulipochonga, la sivyo ubao utavimba zaidi.

Rudisha vyote. Skrubu za bangili zikaze hadi zishike, si hadi zilie. Watu hudhani kukaza zaidi ni kurekebisha zaidi. Kwenye bangili ni kinyume.

Yangu ilikuwa hivyo. Tano zangu zilikuwa zikipanda inchi 4 kutoka ya kwanza hadi ya mwisho, kwa mpangilio, kama ngazi. Ubao ulikuwa umebanwa nyuma kiasi kwamba niliutoa kwa kuupigapiga na kiganja. Jioni moja ya msasa, kadi moja ya posta ya kupimia nafasi, na wiki iliyofuata ngazi ikawa kifungu cha inchi 2 na robo. Sikugusa kingine chochote siku hiyo, na hilo ndilo ninalowasihi wanaonipigia: badilisha kimoja, piga, andika. Ukibadilisha risasi, darubini na bangili Jumamosi moja, hata kundi likipona hutajua nani alikuwa mgonjwa.

Kilichobaki ni cha fundi au kiwanda

Tazama ukingo wa mdomo kwa lenzi. Zungusha pamba kuelekea nje kwenye ukingo. Ikinasa nyuzi, kuna jino la chuma pale. Fundi bunduki hukata ukingo mpya kwa muda mfupi. Chungulia ndani ya mtutu baada ya kuusafisha: kitambaa kinachotoka na rangi ya buluu au kijani baada ya dawa ya shaba kinaonyesha mtutu unaokwangua koti la risasi. Safisha mpaka rangi iishe, na dawa yenye amonia usiiache ndani kupita muda uliotajwa kwenye chupa. Mtutu mpya wenye ukali kidogo hulainika kwa matumizi, lakini ule unaojaa shaba kila baada ya risasi kumi una kasoro.

Mtutu uliofungwa kwa kupinda mpaka kilengeo cha mbele kinaonekana kimelala upande, chemba iliyokatwa vibaya, komeo lenye mchezo: hivyo si vya msasa. Sheria ya Marekani inamruhusu mmiliki kutuma bunduki yake kwa mtengenezaji kwa ukarabati na kurudishiwa moja kwa moja. Piga simu kwanza, wakupe maelekezo na namba ya kazi. Vua darubini. Ndani ya boksi weka karatasi zako zenye namba, aina ya risasi ulizojaribu na namba za toleo, umbali, na orodha ya ulichokwisha kukiondoa. Barua inayosema tu "haipigi sawa" inarudi na bunduki ileile. Barua yenye karatasi sita za ushahidi inamfikia mtu wa karakana.

Ikisharudi, au ikishapona mezani kwako, lengesha kwa yadi 100. Risasi ya greni 150 iliyolengeshwa hapo itakuwa chini kwa kama inchi 8 ikifika yadi 200, na ndiyo sababu mimi sipigi huko. Piga tatu za mwisho ukiwa umekaa chini au umeegemea mti, bila meza, maana msituni hakuna meza. Baada ya hapo usisafishe mtutu tena mpaka msimu uishe. Futa nje tu kwa kitambaa cha mafuta. Siku ya mwisho ya mazoezi, ifikie renji asubuhi bunduki ikiwa baridi, piga moja, moja tu, kwenye karatasi safi. Ilipotua, hapo ndipo itakapotua Jumamosi ile.